Mionzi ya Anga na Utafutaji wa Maada ya Giza

Kuna vitu vilivyopewa majina kabla havijajulikana, na vilipokuja kujulikana majina yake yalikuwa yamekwisha zoeleka, haikuwezekana tena kuyabadili. Mionzi ya anga ni mojawapo. Si mionzi kama ile ya jua au ya taa, bali ni chembe za atomu, nyingi kati yake protoni, ziendazo kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru. Maada ya giza ni nyingine. Haina giza, maana kitu cheusi huizuia nuru, na maada hii haizuii nuru wala haitoi. Nuru hupita ndani yake kana kwamba hapana kitu. Habari za vitu hivi viwili zilikwenda mbalimbali kwa muda wa nusu karne, kisha zikakutana. Na tangu zikutane, wataalamu wa nchi nyingi wamekuwa wakiuliza swali moja kwa gharama kubwa ya fedha na ya umri: je, katika chembe zinyeshazo juu ya dunia usiku na mchana, zimo zilizozaliwa na maada ya giza? Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo lilivyozuka, na kwa nini jibu lake limekuwa gumu kuliko ilivyodhaniwa. Ugumu wenyewe si wa kuona. Ni wa hesabu ya kutoa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ilijulikana ya kuwa elektroskopu, chombo chenye vipande viwili vyembamba vya dhahabu ambavyo huachana vikitiwa umeme, hupoteza umeme wake pole pole hata kikifungwa vema. Ilifikiriwa kwamba sababu ni mionzi ya madini yaliyomo ardhini, kama vile urani na radiamu. Kama ndivyo, basi kadiri chombo kipandishwavyo juu ndivyo upotevu wa umeme unavyopasa kupungua. Padre Theodor Wulf, wa Shirika la Yesu, alipanda na chombo chake juu ya mnara wa Eiffel mjini Paris katika mwaka 1910. Aliona upungufu, walakini ulikuwa mdogo kuliko ule uliotazamiwa. Mwitalia Domenico Pacini alishika njia iliyo kinyume: katika mwaka 1911 alizamisha chombo chake chini ya maji, akaona kwamba maji yalizuia kitu fulani kilichokuwa kikija kutoka juu. Pacini hakusikilizwa sana, na mpaka sasa jina lake hutajwa mara chache kuliko linavyostahili.

Aliyelimaliza jambo hilo ni Mwaustria Victor Hess. Katika mwaka 1912 alipaa kwa puto mara saba. Safari moja, ya tarehe 17 Aprili, ilifanywa wakati jua limepatwa. Chombo hakikuonyesha upungufu wowote, hivyo jua likaondolewa katika orodha ya watuhumiwa. Safari mashuhuri ni ile ya tarehe 7 Agosti. Hess na wenzake wawili waliondoka asubuhi mji wa Aussig, katika Bohemia, puto lao limejazwa hidrojeni, wakapanda hata kufikia kiasi cha meta 5,350, kisha wakashuka adhuhuri karibu na Berlin. Vyombo vilionyesha kwamba upotevu wa umeme hupungua kidogo mtu aachapo ardhi, kisha huanza kuongezeka, na huko juu kabisa huwa umezidi sana ule wa chini.

Inafaa kuitazama kwa makini hoja ya Hess, maana ndiyo hoja itakayorudi mara kwa mara katika historia hii. Hess hakukiona kitu alichokigundua. Alichokuwa nacho ni jumla, yaani upotevu wote wa umeme katika kila kimo. Katika jumla hiyo alitoa sehemu aliyoifahamu, yaani mionzi ya ardhi, ambayo hupungua kwa kadiri iliyojulikana; na salio lilipozidi kukua badala ya kwisha, alisema kuwa salio hilo latoka nje ya hewa ya dunia. Ugunduzi wake ulikuwa salio. Alipewa Tuzo ya Nobel katika mwaka 1936, na hakuna aliyeshuku kuwa aliistahili, kwa kuwa sehemu iliyotolewa ilikuwa ndogo na yenye kufahamika, na salio lilikuwa kubwa.

Jina halikupatikana mara moja. Wajerumani walisema mionzi ipenyayo, tena mionzi ya juu. Mmarekani Robert Millikan ndiye aliyeitangaza kwa jina la mionzi ya ulimwengu katika mwaka 1925, naye aliamini kwa moyo wote kuwa ni mionzi hasa, jamaa ya nuru, inayotokea atomu zinapoumbwa katika anga. Jina likashika; imani haikushika. Mholanzi Jacob Clay, aliyekuwa akisafiri kwa meli baina ya Java na Uholanzi, aliona tangu 1927 kwamba kipimo hupungua meli ikaribiapo Ikweta. Nuru haijali Ikweta. Chembe zenye umeme ndizo zijalizo, kwa sababu usumaku wa dunia huzipinda na kuzirudisha, na huko Ikweta ndiko kizuizi kilipo kikubwa. Arthur Compton alipeleka watu na vyombo katika pande nyingi za dunia, na kufikia 1932 alikuwa na vipimo vya kutosha kumpinga Millikan hadharani. Ugomvi wa mabwana hao wawili, wote wenye Tuzo ya Nobel, uliandikwa hata katika magazeti ya kila siku.

Sehemu ya habari hii iliyo karibu zaidi na wasomaji wa Afrika ya Mashariki ilitokea Asmara. Mwitalia kijana, Bruno Rossi, aliyezaliwa katika mwaka 1905, alikuwa amefikiri tangu 1930 kwamba ikiwa chembe hizo zina umeme wa namna moja, basi zile zijazo kutoka magharibi hazitalingana kwa idadi na zile zijazo kutoka mashariki. Zikiwa chanya, zitazidi upande wa magharibi. Zikiwa hasi, zitazidi upande wa mashariki. Tofauti hiyo hutazamiwa kuwa kubwa karibu na Ikweta, tena mahali palipoinuka. Italia wakati huo ilikuwa ikiitawala Eritrea, na mji wa Asmara umekaa juu ya nyanda zenye kimo cha zaidi ya meta 2,300. Katika mwaka 1933 Rossi na mwenzake Sergio De Benedetti walichukua vyombo vyao, mirija ya kuhesabu chembe iliyopangwa mmoja nyuma ya mwingine kama darubini isiyo na kioo, wakavielekeza huku na huku juu ya Asmara. Magharibi ilishinda. Chembe zilikuwa chanya.

Walakini Rossi hakuwa wa kwanza kutangaza. Alipokuwa angali katika maandalio, Wamarekani Thomas Johnson na Luis Alvarez, huyu wa pili akiwa mwanafunzi wa Compton, walikwisha pima tofauti hiyo hiyo Meksiko. Mtu aliyeitabiri miaka mitatu mbele alikuta wengine wamekwisha ivuna. Lakini huko Asmara Rossi aliona jambo la pili ambalo hakulitafuta: mirija iliyotengwa mbali ililia kwa pamoja mara nyingi kuliko inavyowezekana kwa bahati tu, kana kwamba chembe nyingi zilianguka kwa mkupuo mmoja juu ya eneo pana. Alilitaja katika taarifa yake, akasikitika kwamba hakupata wasaa wa kulichunguza. Miaka michache baadaye, katika 1938, Mfaransa Pierre Auger alilichunguza kwa ukamilifu, na manyunyu hayo ya chembe yakaitwa kwa jina lake. Katika mwaka huo huo wa 1938 sheria za ubaguzi za serikali ya Mussolini zilimwondoa Rossi katika kiti chake cha Chuo Kikuu cha Padova kwa kuwa alikuwa wa nasaba ya Kiyahudi. Alikwenda Copenhagen, kisha Manchester, hatimaye Marekani, ambako wanafunzi wake waliijenga sehemu kubwa ya elimu hii.

Wakati huo mionzi ya anga ilikuwa ndiyo kiwanda pekee cha chembe mpya. Katika mwaka 1932 Carl Anderson, huko California, alipiga picha ya alama iliyoachwa na chembe katika chumba chenye mvuke; alama ilijipinda kama ya elektroni, ila kwa upande wa kinyume. Hiyo ilikuwa positroni, pacha ya elektroni yenye umeme chanya, kipande cha kwanza cha maada-kinyume kuonekana na binadamu. Maada na maada-kinyume zikikutana huangamizana, zikabaki nuru na chembe nyingine. Jambo hili lahitaji kukumbukwa.

Turudi sasa kwa ile habari ya pili. Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California katika chuo kile kile cha Anderson, alichapa katika mwaka 1933, kwa Kijerumani na katika jarida la Uswisi, uchunguzi wa kundi la galaksi liitwalo Coma. Galaksi hizo zilikwenda mbio mno. Kwa mwendo ule kundi lingalikuwa limetawanyika zamani, isipokuwa limeshikwa na uzito mwingi sana kuliko uzito wa nyota zionekanazo. Yeye alikadiria mara 400. Uzito huo usioonekana aliuita *dunkle Materie*, maada ya giza. Hakuwa wa kwanza kutumia maneno ya namna hiyo, kwani Mholanzi Jacobus Kapteyn aliyatumia mwaka 1922 juu ya nyota za jirani, na mwenzake Jan Oort katika 1932. Kwao neno hilo lilikuwa na maana ya kawaida: nyota zilizozimika, vumbi, vitu ambavyo ni vyeusi kweli. Neno lilibaki, maana ikahama chini yake. Ndiyo sababu leo mwanafunzi asikiapo jina hili hufikiri wingu jeusi, na mwalimu hulazimika kuanza kwa kulikanusha jina kabla ya kukieleza kitu.

Mwaka uliofuata, 1934, Zwicky pamoja na Walter Baade walitoa mawazo mengine mawili kwa mpigo. Walisema kuwa mionzi ya anga huzaliwa na milipuko ya nyota kubwa, na kwamba nyota ikilipuka hivyo yaweza kuacha kiini kidogo kizito mno, chote kimefanywa kwa nyutroni. Nyutroni yenyewe ilikuwa imegunduliwa miaka miwili tu kabla yake. Zwicky alikuwa mtu wa maneno makali, na wenzake wengi hawakumpenda. Huenda hiyo ni sehemu ya sababu ya kuachwa kwa mawazo yake. Nyota za nyutroni zilionekana mwaka 1967, Jocelyn Bell alipozikuta zikipiga mapigo ya redio kwa utaratibu kama wa saa, zikaitwa pulsa. Maada ya giza ilirudishwa mezani katika miaka ya 1970, hasa kwa vipimo vya Vera Rubin na Kent Ford, walioonyesha kwamba nyota za pembeni mwa galaksi ya Andromeda huzunguka kwa kasi isiyopungua kama ilivyopasa. Leo hukadiriwa kuwa maada hiyo yazidi maada ya kawaida kiasi cha mara tano. Msomaji na aviweke akilini vitu hivi viwili, maada ya giza na nyota za nyutroni, maana baada ya miaka 75 watoto hawa wawili wa kalamu moja watashtakiana.

Makutano ya habari hizi mbili yalikuja hivi. Ilipokubaliwa kwamba maada ya giza haiwezi kuwa vumbi wala nyota zilizozimika, wengi walidhani ni chembe za namna mpya, nzito, zisizogusana na vitu vingine ila kwa nadra. Chembe mbili za aina hiyo zikikutana, huenda huangamizana na kuzaa chembe za kawaida, nusu maada, nusu maada-kinyume. Ile nusu ya maada haina faida kwa mtafutaji, kwa kuwa protoni na elektroni zimejaa kila mahali katika anga, na kuziongeza ni kumwaga mtungi wa maji baharini. Bali maada-kinyume ni adimu. Katika mwaka 1984 Joseph Silk na Mark Srednicki waliandika kwamba antiprotoni zilizomo katika mionzi ya anga zaweza kuwa alama ya maada ya giza. Walichochewa na vipimo vilivyotolewa mwaka 1981 na Andrew Buffington na wenzake, waliorusha chombo kwa puto na kudai kuona antiprotoni nyingi kuliko zilizotazamiwa.

Antiprotoni hizo hazikuwako. Safari za puto la BESS, za Wajapani na Wamarekani, zilizoanza 1993, zilionyesha idadi ya kawaida tu. Hivyo hoja ilizaliwa kutokana na kipimo kibaya, ikaishi baada ya kipimo chenyewe kufa. Jambo hili si aibu. Hoja njema haiulizi ilizaliwa wapi. Lakini lafaa kuandikwa mwanzoni, kwa kuwa lilitangulia kuonyesha namna ya mambo yatakayofuata.

Hapa lazima kueleza sehemu ile inayotolewa katika hesabu. Protoni za mionzi ya anga zikisafiri kati ya nyota hugonga gesi iliyotanda huko, na katika kugongana huzaa positroni na antiprotoni chache. Hizo ndizo za kawaida. Mtafutaji hupima jumla, kisha hutoa za kawaida, na salio ndilo aliitalo ishara. Lakini ili kujua za kawaida ni ngapi, imempasa kujua gesi ni kiasi gani, protoni zimezunguka muda gani katika Njia Nyeupe kabla ya kutoroka, na kila mgongano huzaa nini. Hess alitoa kitu alichoweza kukipima kwa mkono wake katika shamba lolote. Warithi wake hutoa kitu walichokikisia.

Dalili ya kwanza iliyodumu ilikuwa ya positroni. Puto la HEAT liliionyesha kwa udhaifu katika miaka ya 1990. Kisha chombo PAMELA, kilichojengwa hasa na Waitalia na kurushwa kutoka Baikonur tarehe 15 Juni, 2006, kikiwa kimepandishwa juu ya setilaiti ya Kirusi, kiliiona waziwazi. Kwa kawaida, sehemu ya positroni katika jumla ya elektroni na positroni hutazamiwa kushuka kadiri nguvu inavyozidi. PAMELA iliona kuwa hushuka hadi kiasi cha elektronivolti bilioni 10, kisha hugeuka na kupanda, na bado ilikuwa ikipanda penye bilioni 100. Matokeo yalichapwa mwaka 2009, lakini hayakungojewa. Katika mwaka 2008 yalipoonyeshwa ukutani kwa dakika chache katika mikutano ya wataalamu, baadhi ya wasikilizaji waliupiga picha ukuta, wakanakili nukta moja moja, wakaandika makala zao juu ya takwimu ambazo wenyewe walikuwa hawajazitoa. Adabu ya kazi ilivunjwa, na hamu ndiyo iliyoivunja. Mwishoni mwa mwaka ule ule puto la ATIC, lililoruka juu ya Antaktika, lilitangaza nundu katika hesabu ya elektroni. Wengi waliziunganisha habari mbili hizo wakasema maada ya giza imepatikana. Katika 2009 setilaiti Fermi ilipima elektroni nyingi zaidi, na nundu haikuonekana.

Ziada ya positroni, hata hivyo, haikufutika. Ilithibitishwa na chombo kikubwa kuliko vyote vya aina yake, AMS, ambacho safari yake yenyewe ni kisa. Samuel Ting, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1976, alitaka kuweka sumaku kubwa angani ili itenge maada na maada-kinyume. Chombo cha majaribio kilirushwa mwaka 1998 kikakaa juu kwa siku chache. Chombo kamili kilikuwa kikijengwa na watu wa nchi 16 wakati chombo cha anga Columbia kilipovunjika angani Februari 2003 na watu saba wakafa. Safari zikapunguzwa, na AMS ikaondolewa katika ratiba. Miaka mitano Ting alizunguka akiwaomba wanasiasa wa Marekani, hata bunge lao likaamuru katika 2008 safari moja ya nyongeza. Katika 2010, chombo kikiwa karibu kuondoka, sumaku yake ya umeme, iliyokuwa ikipoozwa kwa heliamu, ilitolewa na kuwekwa ile sumaku ya kawaida ya 1998, iliyo dhaifu zaidi lakini isiyohitaji heliamu ambayo ingekwisha baada ya miaka michache. Wako waliosema kuwa ni kuharibu kazi ya miaka mingi. Muda umempa Ting haki, maana AMS, iliyorushwa tarehe 16 Mei, 2011, na kufungwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, imeendelea kuhesabu kwa zaidi ya mwongo mzima. Pampu zake za kupooza zilipokufa, wanaanga Luca Parmitano na Andrew Morgan walitoka nje mara nne, kati ya Novemba 2019 na Januari 2020, wakakata mabomba manane membamba ya chuma na kuunga pampu mpya, katika chombo ambacho waliokijenga hawakukusudia kiguswe tena.

Matokeo yake ya kwanza yalitolewa Aprili 2013. Katika matukio bilioni 25 zilichaguliwa elektroni na positroni milioni 6.8, na positroni zilizidi kupanda kama PAMELA ilivyosema. Katika mwaka 2019, chombo kikiwa kimekusanya positroni karibu milioni 2, ilionekana kwamba kupanda huko kuna mwisho: juu ya kiasi cha elektronivolti bilioni 284 positroni hupungua upesi. Chembe ya maada ya giza yenye uzito fulani haiwezi kuzaa positroni yenye nguvu kupita uzito wake, na kwa hiyo anguko la namna hiyo ndilo lililokuwa likitazamiwa.

Hapo ndipo mtoto wa pili wa Zwicky aliposimama. Pulsa, kwa kuzunguka na usumaku wake mkali, huzaa elektroni na positroni mbili mbili, nazo pia zina kikomo cha nguvu. Positroni zenye nguvu nyingi hupoteza nguvu zake upesi, hivyo lazima zitoke karibu, na karibu nasi zipo pulsa zijulikanazo, kama vile Geminga. Tena maelezo ya maada ya giza yana madeni mazito. Ili kutoa positroni zote hizo, chembe zake zingepaswa kuangamizana mara mamia kuliko nadharia ilivyotaka, tena zizae positroni bila ya kuzaa antiprotoni kwa wingi. Na maangamizano mengi kiasi hicho yangeliacha alama katika nuru kongwe ya ulimwengu. Setilaiti Planck iliitafuta alama hiyo, haikuiona. Kwa sababu hizo watafiti wengi sasa huielekea pulsa, na yaonekana wana haki.

Lakini pulsa nayo haijashinda. Katika 2017 watu wa HAWC, kituo kilicho juu ya mlima nchini Meksiko, ambacho hutazama manyunyu ya chembe kwa matangi 300 ya maji, walichapa kwamba positroni zizungukazo Geminga hutawanyika pole pole mno, kiasi cha kutoweza kutufikia. Wengine walijibu kuwa uzito huo wa mwendo huenda ni wa jirani ya Geminga tu, si wa njia nzima. Njia ya kuamua ingekuwa kuuliza positroni zatoka upande gani, maana pulsa moja ya karibu ingeleta chembe nyingi kidogo upande wake. Lakini usumaku wa Njia Nyeupe hupindapinda njia za chembe hata zikafika kwetu kutoka pande zote sawasawa. Usumaku ule ule uliomsaidia Clay baharini na Rossi huko Asmara, ukiwa wa dunia, umekuwa kizuizi ukiwa wa nyota.

Antiprotoni zilikuwa na zamu yao nyingine. AMS ilichapa hesabu yake mwaka 2016, na mwaka uliofuata makundi mawili ya watafiti yalitangaza kuwa yameona humo salio dogo lifananalo na maada ya giza. Watu wa maabara ya CERN, karibu na Geneva, walifanya jambo la busara: badala ya kutazama juu, waliingiza heliamu kidogo katika chombo chao LHCb, wakairushia protoni, wakahesabu antiprotoni zilizozaliwa. Yaani waliipima ile sehemu inayotolewa. Hesabu ziliporudiwa na makosa ya vipimo kuzingatiwa kwa ukamilifu, katika 2020, salio lilipungua hata halikuweza kutofautishwa na sifuri.

Kisa cha Wachina ni kifupi. Setilaiti yao ya kutafuta maada ya giza, iliyorushwa Desemba 2015, ilipewa jina la Wukong, tumbili mfalme wa masimulizi yao ya kale, jina ambalo kwa asili ya maneno yake lina maana ya kuutambua utupu. Katika 2017 ilichapa hesabu nzuri ya elektroni, na katika hesabu hiyo nukta moja tu, penye elektronivolti bilioni 1,400, ilisimama juu ya wenzake. Makala nyingi ziliandikwa juu ya nukta hiyo moja. Chombo cha Wajapani, CALET, hakikuiona.

Kazi iliyofanywa kusini mwa Afrika haikusifiwa kwa kelele kama hizo. Katika nyanda za Khomas nchini Namibia, meta 1,800 juu ya bahari, zipo darubini za H.E.S.S., jina lililochaguliwa lipatane na la Victor Hess. Nne za kwanza zilianza kazi katika miaka ya 2002 na 2003, na ya tano, iliyo kubwa zaidi, katika 2012. Hazikamati chembe, hutazama mmeto wa buluu unaotokea chembe au mionzi ya gama ipasuapo hewa juu ya jangwa, mmeto wa sehemu chache za bilioni za sekunde. Mwezi Novemba 2024 watafiti wake walichapa hesabu ya elektroni na positroni pamoja, iliyokusanywa kwa miaka 12, ikifika elektronivolti trilioni 40. Mstari wa hesabu hiyo hushuka ukiwa umenyoka, hupinda mara moja kwa ukali penye kiasi cha trilioni 1, kisha hushuka tena kwa wima zaidi, bila nundu. Elektroni za nguvu hizo haziwezi kusafiri mbali, na mpindo mkali wa namna ile huashiria chimbuko moja au machache yaliyo jirani, yamkini pulsa. Darubini hizo hizo zilielekezwa katikati ya Njia Nyeupe kati ya 2014 na 2020, kwa zaidi ya masaa 500, kutafuta mionzi ya gama ambayo maada ya giza ingeitoa mahali inapodhaniwa kurundikana. Mionzi ya vyanzo vijulikanavyo ilipotolewa katika hesabu, hapakusalia kitu, na kilichochapwa katika 2022 ni kikomo: kiwango ambacho maangamizano hayo, kama yapo, hayakizidi.